Mikono ya Dereva

Karakana ile ya ushonaji ilikuwa na desturi moja ya kuchekesha. Asubuhi watu walishona sare za vita, na mchana, wakati wa kula, waliviponda vita vile vile mpaka chakula kikapoa. Hakuna aliyeona ajabu. Mikono ilikuwa ya Bosi, lakini mdomo ulikuwa wa mwenyewe.

"Mimi sielewi," alisema Kifungo siku moja, kijiko kikiwa hewani. Walimwita Kifungo kwa sababu kazi yake ilikuwa kutia vifungo, ingawa mdomo wake mwenyewe haukuwahi kupata hata kimoja. "Tulifundishwa kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Sasa hawa wamechuma la kwao huko mbali, halafu wanakuja kulila na mimi. Nimekuwa wa kwao lini?"

Wenzake walicheka. Serikali iliita mchango ule Tozo ya Mshikamano, jina zuri kama la mtoto wa kwanza. Nchi rafiki ilikuwa vitani na jirani yake, wakubwa wakakubaliana kuisaidia, na tangu hapo tozo ikawa inakatwa kwenye sukari, kwenye sabuni, kwenye vocha ya simu. Ukimpigia ndugu yako kumwambia huna hela, kipande cha maneno hayo kinakwenda vitani. Msaada wenyewe ulikuwa wa namna mbili, hela na watu. Hela zilikatwa kwa kila mtu. Watu walikatwa kwa wachache.

Mke wa mmoja wa hao wachache ndiye aliyeingia wakati huo akiwa na sahani yake. Kifungo alishusha kijiko, akatazama dirishani.

"Mvua itanyesha leo," alisema.

"Itanyesha," waliitikia wote, na jua lilikuwa linawaka.

Huyo aliyeingia walimwita Mkasi. Ndiye aliyekuwa mkata vitambaa wa karakana nzima; kila kilichopita kwenye cherehani kilipita kwanza chini ya mikono yake. Alikuwa na jicho. Ukiingia mlangoni tu ameshajua kiuno chako, na kama umenenepa tangu mara ya mwisho atakusalimia kwa tabasamu lililokawia kidogo. Bosi alizoea kuwaambia wateja kwamba yeye hakununua futi ya kupimia, ameiajiri.

Mkasi alikaa akala kimya. Huo ukimya wa wenzake ulimuuma kuliko maneno yao. Angependa waendelee. Na yeye alikuwa na ya kusema juu ya vita vile, tena kuwashinda wote, maana wao walikatwa sukari na yeye alikatwa mume. Lakini watu walishaamua kwamba mke wa askari ni kama mfiwa, mbele yake huzungumzwa hali ya hewa tu.

Mumewe alikuwa dereva wa malori ya jeshi. Aliondoka kwa muda wa nusu mwaka. Nusu mwaka ikaisha, ikaongezwa nyingine. "Bajeti imepita, mke wangu," alimwambia kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyesimama kituoni na gari limempita. Tangu siku hiyo Mkasi alianza kuchukia neno bajeti. Zamani lilikuwa neno la redioni, la kusikilizwa huku mtu anapanga vyombo. Sasa lilikuwa limeingia ndani na kukaa kwenye kiti cha mumewe.

Alimkosa kwa namna asizoweza kumweleza mtu. Dereva hakuwa mtu wa maneno matamu. Alikuwa mtu ambaye hata akitoka chumbani kinyumenyume hugeuza shingo kutazama pande zote, kama anarudisha lori. Kitandani alishika katikati, na akilalamikiwa alisema barabara ni nyembamba, mwenye gari dogo asogee. Sasa kitanda kizima kilikuwa cha Mkasi peke yake, na bado alilala ukingoni. Alijaribu mara moja kulala katikati, usingizi ukakataa kabisa, akarudi pembeni kwake akamwachia mtu asiyekuwepo nafasi ya kugeuzia.

Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Mama mkwe, aliyeishi nao nyumba ile ile na aliyekuwa na swali hilo mdomoni kila mwezi, aliliacha tangu mwanawe aondoke. Hata yeye alijua mtoto hapatikani kwa simu.

"Asiyekuwepo na lake halipo," alisema mama mkwe jioni moja, akitenga chakula. "Uongo mtupu. Tazama. Huyu hayupo, na nyumba nzima ni lake."

Mkasi alimpenda bibi yule, pamoja na ukali wake. Walikuwa wameanza vibaya, na makoti ndiyo yaliyowapatanisha. Dereva alipokuwa mdogo alianguka kutoka juu ya ukuta, akavunjika mkono wa kulia, na aliyeuunga mfupa aliuunga kwa haraka zake. Mkono ukapona, lakini ukabaki mfupi kuliko wa kushoto kwa vidole viwili. Jeshini hawakuona. Daktari alimwambia anyanyue mikono, akanyanyua. Hakuna aliyemwambia aishushe apimwe. Lakini nguo ziliona. Kila koti alilonunua lilimmeza kiganja cha kulia, akawa anakunja pindo kama mtoto aliyevaa nguo ya kaka yake.

Ndivyo walivyokutana. Alikuja karakana kupunguziwa koti, kijana mrefu kiasi mwenye aibu, na Mkasi, aliyekuwa bado mwanafunzi wa ufundi, alimtazama kutoka nyuma ya meza akamwambia hilo halipunguziki, alete kitambaa. Alimkatia bila kumgusa. Dereva alipolivaa alinyoosha mikono mbele, akatazama kiganja cha kulia, akatazama cha kushoto, akarudia. Kisha akauliza taratibu:

"Wewe umeniona wapi?"

Mkasi alirudi kwenye meza yake. Alikuwa amemwona pale pale mlangoni, kama anavyowaona wote. Lakini hakuna mtu mwingine aliyewahi kumuuliza kwa sauti ile, na miezi michache baadaye walioana. Siku alipoingia kwa mama mkwe na koti la pili mkononi, bibi yule alilitandaza mezani, akalinganisha mikono, akalainika uso. "Ukimshonea mwanangu mikono sawa, umemshonea mtu mwingine," alisema. "Karibu."

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa wakati tozo ilipokaribia kwisha muda wake na Bunge likatakiwa kuamua kama iongezwe mwaka mzima. Mtaani hakukuwa na habari nyingine. Ikiongezwa, askari wanabaki. Ikikataliwa, wanarudi kabla ya mwaka kwisha. Hivyo ndivyo redio ilivyosema, na Mkasi aliyameza maneno hayo akayaweka mahali asipoyagusa ovyo.

Mdogo wake Dereva alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na yeye hakumeza kitu. Alifika nyumbani amejaa chaki na hasira.

"Shemeji, darasa langu watoto wanakaa chini," alisema kabla hajaketi. "Nimeomba madawati, wakasema subiri. Leo nasikia tumenunulia watu mizinga. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini hii yetu inatoka mbali kwenda kuua nyoka wa jirani wa jirani."

"Kunywa maji kwanza, Mwalimu," alisema mama yake.

"Nakunywa, mama. Shemeji, nasikia mbunge wetu, Mheshimiwa, anakuja kwenye karakana yenu. Anataka kuonyesha watu kwamba hela ya tozo inarudi kwetu kwa njia ya kazi. Waandishi watakuwepo. Wewe ndiye mke wa askari. Ukisimama ukasema hatutaki, nani atakujibu?"

"Na kule nani atamjibia kaka yako?" aliuliza Mkasi. "Neno nikilisema hapa mchana, jioni limefika kwa wakubwa wake. Kesho wanampa barabara wasiyoitaka wengine."

Mwalimu aliweka kikombe chini. Hilo hakuwa amelifikiria, na alikuwa mtu mwema, kwa hiyo aliona haya.

"Basi usiseme," alisema mwishoni. "Nimekosa mimi."

Mama mkwe alikuwa anachambua mboga. Hakuinua uso. "Wote mnamtaka mwanangu awasemee yenu," alisema. "Serikali inamtaka awe mshikamano, wewe unamtaka awe madawati. Mimi namtaka aje ale."

Bosi naye alikuwa na ombi lake. Zabuni ya sare ilikuwa imeiokoa karakana. Bila hiyo nusu ya cherehani zingekuwa zimefunikwa. Alimvuta Mkasi pembeni akamwomba, kwa hisani yake, siku ya mgeni asimame mbele na kusema neno dogo la shukrani. Dogo tu, fundi wangu. Mkasi alisema atafikiri, akarudi mezani kwake. Kichwa chake kilikuwa kimejaa, na kwa muda mrefu kilikuwa kimejaa hivyo hivyo.

Hapo ndipo inabidi nielezee kuhusu maboksi.

Katika karakana ile mkata vitambaa hakuchora kila koti upya. Kulikuwa na vipande vya boksi gumu vilivyokatwa kwa umbo la kila sehemu, mgongo, kifua, kola, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, seti moja kwa kila saizi. Unatandika kitambaa tabaka juu ya tabaka, unaweka boksi juu, unazungusha chaki, unapitisha mashine ya kukatia, na kwa mara moja umekata makoti ya kikosi. Kabla ya kuanza kazi ya sare paa lilivuja juu ya rafu na maboksi ya mikono ya saizi ya kati yakalowa mpaka yakawa uji. Bosi alimwambia Mkasi achore mengine. Akachora, bila futi kama kawaida yake. Kwa bahati mbaya ilikuwa siku ya pili baada ya simu ile ya "bajeti imepita".

Na ushonaji wenyewe uligawanywa. Meza moja ilishona mikono ya kulia tu, meza nyingine ya kushoto tu, kwa kuwa mtu akirudia kitu kimoja mkono wake unakuwa mwepesi. Meza hizo mbili zilikuwa na ushindani kama timu za mpira, hazikuazimana hata uzi. Aliyeunganisha mikono na koti aliangalia mabega, maana ndiko kwenye kazi ngumu, kisha koti likakunjwa mikono ikiwa mgongoni, likaingia kwenye katoni. Shehena ya kwanza ilikuwa imeshaondoka. Ya pili ilikuwa inamsubiri Mheshimiwa.

Alikuja asubuhi, na magari mawili, na waandishi, na tabasamu la mtu aliyezoea kupigwa picha. Karakana ilikuwa imefagiliwa mpaka ikapoteza harufu yake. Watu wa mtaani waliruhusiwa kuingia, wakajaa hadi mlangoni. Mwalimu alisimama nyuma karibu na dirisha, na mama mkwe, ambaye hakualikwa na mtu, alikuwa ameketi mbele kwenye kiti cha Kifungo.

"Ndugu zangu," alisema Mheshimiwa, "najua yanayosemwa. Mnauliza hela yetu inakwenda wapi. Leo nimekuja kuwaonyesha. Hela yenu haiendi popote. Iko hapa, kwenye mikono ya mafundi wetu wenyewe."

Bosi alipiga makofi, wengine wakamfuata kwa adabu. Kisha akaletewa koti. Lilikuwa la saizi ya kati, kwa sababu Mheshimiwa alikuwa mtu wa mwili wa kati, na Bosi mwenyewe alimsaidia kulivaa. Lilimkaa vizuri kifuani. Mkasi alikuwa amesimama kando, hajaamua bado kama atasema lile neno dogo la shukrani, na kwa jicho lake alitazama mabega, akaridhika, akashuka na macho kwenye mkono wa kushoto. Uliishia pale unapotakiwa kuishia.

Mheshimiwa akainua mkono wa kulia kuwapungia watu.

Pindo likapanda. Likapanda likaacha kiganja, likaacha kifundo, na hapo kwenye kifundo ikatokea saa. Ilikuwa saa ya dhahabu, kubwa, ya aina ambayo hata asiyejua saa anajua. Watu waliitazama. Waandishi waliitazama na kamera zikaitazama. Mheshimiwa hakujua kitu, akazidi kupunga.

"Kumbe sukari yangu iko hapo," alisema Kifungo.

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini ukumbi ulikuwa kimya, na kicheko kilichofuata kilitikisa madirisha. Mheshimiwa alishusha mkono, akajitazama, akavuta pindo. Halikuvutika. Akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, na sasa kila mtu akaona kwamba mmoja ni mfupi.

"Hata koti tu wameshindwa," alisema mtu mlangoni. "Tunakatwa tozo, tunashonewa hivi."

"Wamekula kitambaa," alisema mwingine.

"Ndiyo maana meza ya kulia walikuwa wanamaliza kabla yetu," alisema fundi mmoja wa meza ya kushoto, na kwa mara ya kwanza alionekana kufurahi.

Bosi alikuwa amegeuka rangi. Alifungua katoni, akatoa koti, akalinganisha; akatoa jingine. Yote. Akawageukia mafundi wa meza ya kulia, wanawake waliokuwa wamesimama kwenye mstari na aproni zao safi za siku ya mgeni. Mkubwa wao alianza kuapa kwamba wao walishona walichopewa.

Mkasi kwa mawazo hakuwepo pale. Alikuwa anatazama mikono ile iliyonyooshwa mbele ya mtu mgeni, wa kushoto na wa kulia, na moyo wake ulikuwa umemtoka ukakimbilia mlangoni kumpokea mtu. Aliijua mikono ile. Kwa nukta moja, na hili alilikiri baadaye kwa mama mkwe tu, alidhani amerudi. Kisha akaona uso ulio juu ya kola, si wake.

"Si wao," alisema.

Hakuna aliyesikia. Akasogea mbele.

"Bosi, si wao. Ni mimi niliyekata. Mheshimiwa, samahani. Hilo koti halijakosewa. Lina mwenyewe."

Kicheko kilipungua kidogo kidogo, kama mvua inayohama.

"Mwenyewe nani?" aliuliza Mheshimiwa.

"Mume wangu. Yuko huko mlikompeleka. Mkono wake wa kulia ni mfupi. Niliambiwa nichore saizi ya kati, na mimi saizi ya kati ninayoijua ni yeye. Sikukusudia. Nilichora nikiwa namuwaza, na mkono ukafuata."

Mwandishi mmoja aliteremsha kamera yake. Mheshimiwa, lazima tumpe haki yake, alikuwa mwanasiasa kamili. Alichukua pumzi moja tu.

"Mmesikia, ndugu zangu?" alisema, akiweka mkono mrefu kifuani. "Huu ndio uzalendo. Mama huyu amewavisha vijana wetu wote upendo wa—"

"Si uzalendo," alisema Mkasi. Hakupaza sauti. "Nimemkosa tu."

Mama mkwe, kwenye kiti cha Kifungo, alikuwa ameinamisha kichwa. Mkasi aliona kwamba yale aliyokuwa anaogopa kuyasema yameshatoka, yote, na hayakuwa hotuba. Lilibaki moja dogo, na sasa kulizuia kusingemlinda mtu.

"Mheshimiwa, tozo nakatwa kama hawa, na sijawahi kulalamika. Nakuuliza kitu kimoja. Anarudi lini?"

"Suala hilo, mama, liko kwenye mchakato."

"Mchakato ndio mwezi gani?" aliuliza Kifungo.

Safari hii hakuna aliyecheka. Waliendelea kumtazama Mheshimiwa wakisubiri jibu kama watu wanaosubiri chenji yao. Alisema habari za mikataba, na heshima ya nchi, na wakati muafaka. Akavua koti, likamkatalia begani, Bosi akamsaidia. Magari mawili yakaondoka, na harufu ya karakana ikarudi.

Picha ya saa ilizunguka mtaa kwa mtaa. Picha ya Mkasi ilizunguka pia, na hiyo hakuipenda. Watu wasiomjua walimshika mkono sokoni wakamwambia amewasemea. Mwalimu alitaka aende kwenye mkutano mkubwa; akamwambia, "Shemeji, nilichokuwa nacho nimekitoa." Kule karakana hakuna aliyezungumza tena mvua mbele yake. Kifungo alimsogezea kiti, wakaiponda tozo pamoja, na Mkasi aligundua kwamba hata kulalamika kuna utamu wake ukilalamika na wenzako.

Bunge lilijadili siku nzima. Kulikuwa na waliosimama na kuuliza mwezi gani, neno kwa neno. Mwishoni tozo ikapita, kwa kura chache, na kwa nusu mwaka badala ya mwaka mzima. Mwalimu aliita hiyo nusu ya ushindi. Mama mkwe alizima redio, akakaa nayo mapajani.

"Nusu ya mwanangu haiji," alisema.

Bosi hakumfukuza Mkasi. Alikasirika siku kadhaa, hakumsalimia, kisha akaja mezani kwake na futi mpya, ya njano, akamvisha shingoni kwa mikono yake kama nishani. "Hii ndiyo mume wako kuanzia leo," alisema, na wote wawili wakajikuta wanacheka. Shehena ya pili ilifumuliwa mikono yote. Mkasi alichora maboksi mapya, akapima kulia, akapima kushoto, akapima tena. Yalitoka sawasawa. Aliyatazama kwa muda, hayakuwa ya mtu yeyote.

Shehena ya kwanza haikuwa na wa kuirudisha. Ilikuwa imeshavuka. Aliiwaza kila siku, wanaume wale asiowajua, baridi ikiwapiga kwenye kifundo kwa sababu yake. Na simu ya Dereva, iliyozoea kuja kila Jumapili, haikuja. Jumapili ya kwanza baada ya kura haikuja, mama mkwe akasema mtandao. Ya pili haikuja, mama mkwe akalala mapema.

Ya tatu simu ililia wakati wanaanua nguo. Mama mkwe ndiye aliyeidaka, akamwuliza mwanawe maswali yote ya mama, kama anakula, kama anakohoa, akamjibia mwenyewe mengine, kisha akampa mkwewe simu na kujishughulisha na shuka iliyokuwa imekwisha kukunjwa.

"Wametuletea makoti mapya," alisema Dereva.

Mkasi alifumba macho. "Nimesikia."

"Kambi nzima inamtukana fundi. Wakipiga saluti, mkono wa kulia unapanda unakimbilia kwenye kiwiko. Kamanda anasema tunafanana na watu wanaoosha vyombo. Wanasema tozo ya nyumbani imeliwa." Upepo ulipita kwenye simu. "Mimi nililivaa la kwangu nikanyoosha mikono. Nikatazama huku, nikatazama huku. Nikakaa chini pale pale, wenzangu wakadhani naumwa."

Mkasi aliibana simu sikioni.

"Wewe," alisema Dereva, taratibu kama siku ile, "umeniona wapi?"

Machozi yalimtoka, akayaacha. Nguo zilikuwa zimejaa kwenye bega lake na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

"Umekata mangapi hivi?" aliuliza mumewe.

"Saizi yote ya kati."

Hapo Dereva alicheka, kicheko chake chote, kile kinachoanzia tumboni, ambacho Mkasi hakuwa amekisikia tangu bajeti ya kwanza ipite. "Basi huku kila mwanamume ana mikono yangu," alisema. "Kwenye foleni tukikupa mgongo huwezi kutujua. Ukija kunitafuta utachukua mtu mwingine."

"Siji," alisema Mkasi. "Rudini ninyi. Rudini nyote mlivyo, na hayo makoti. Mimi nitamchukua wangu, na hao wengine nao wana wenyewe."